Kichochoro cha Kwenda Baharini

Nilianza safari yangu Cannon Beach, katika jimbo la Oregon, asubuhi moja maji yakiwa yamekupwa na jabali la Haystack, lenye kimo cha mita zipatazo 72, limezungukwa na mchanga mtupu. Nilikusudia kuifuata pwani ya magharibi ya Marekani kuelekea kusini hadi Malibu, nikisimama kila mahali ambapo wenye nyumba za ufukweni wamewahi kugombana na watu wanaotaka kufika baharini.

Pale Cannon Beach nilitembea zaidi ya saa nzima bila kukuta uzio hata mmoja, na hali hiyo haikuja yenyewe. Mwaka 1913, kwa juhudi za gavana Oswald West, ufuo wa Oregon ulitangazwa kisheria kuwa barabara ya umma, lakini tangazo hilo liliishia pale maji yanapofika yakijaa. Mwaka 1966 mwenye moteli mmoja wa papo hapo aliuzungushia magogo mchanga mkavu uliokuwa mbele ya jengo lake, akautenga kwa ajili ya wageni wake peke yao. Watu walikasirika mno, na mwaka uliofuata gavana Tom McCall akatia saini sheria inayolinda haki ya umma ya kuutumia mchanga hadi pale majani yanapoanza kuota. Shauri la moteli lilipofika mbele ya mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1969, majaji waliegemea desturi: watu waliutumia mchanga ule tangu zamani za wenyeji wa asili, bila kukatizwa, na matumizi ya namna hiyo huzaa haki. Katika hoja zote nilizowahi kuzisoma juu ya jambo hili, hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi.

California mambo ni mengine. Huko umma unamiliki ufuo ulio chini ya mstari wa wastani wa maji kujaa, yaani, kwa lugha nyepesi, mchanga mbichi, ilhali mchanga mkavu unaweza kuwa na hati ya mtu. Lakini ili mtu aukanyage mchanga mbichi lazima kwanza apite mahali fulani, na ugomvi mwingi nilioukuta njiani ulihusu mahali hapo pa kupita. Kusini kidogo ya Half Moon Bay niliteremka hadi Martins Beach, ambapo jiwe lililochongoka kama jino la papa limesimama majini. Kwa miaka mingi familia iliyomiliki ardhi ile iliwaruhusu wavuvi na watelezaji wa mawimbi kuingia kwa ada ya maegesho. Mwaka 2008 ardhi ilinunuliwa na tajiri mmoja, na baada ya muda lango likafungwa. Mahakama ya rufani iliamua kwamba kuifunga njia ambayo umma umeizoea ni badiliko linalohitaji kibali chini ya sheria ya pwani ya mwaka 1976, na Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Siku niliyofika mimi lango lilikuwa wazi.

Wenye nyumba nao wana hoja, na nilipokuwa nikipita kaunti ya Ventura niliitafakari kwa makini. Familia moja ya huko ilitaka kujenga nyumba kubwa zaidi, ikaambiwa kibali kitatolewa iwapo itaachia umma njia ya kupita kwenye mchanga wake. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba sharti lisilohusiana na madhara ya ujenzi wenyewe ni sawa na kunyang'anya mali. Serikali ikiitaka njia, iilipie. Naona hukumu hiyo ina haki. Nisichoweza kukitetea ni kupokea kibali kwa ahadi, kisha kuikalia ahadi yenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa Carbon Beach, Malibu. Njia iliyoahidiwa mwaka 1983 ilifunguliwa mwaka 2005. Barabarani huioni bahari kabisa, kwa kuwa kuta na milango ya gereji imeshikana nyumba hadi nyumba. Nilikuta kichochoro kati ya kuta mbili, kina geti la chuma, na sakafuni chembe za mchanga zilizodondoka kutoka miguuni mwa waliotangulia. Mama mmoja aliyebeba mtoto alikuwa amesimama getini, haingii wala haondoki. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, hapa tunaruhusiwa?" Nikamjibu kwamba tunaruhusiwa, tukaingia pamoja.

Tulikaa chini pale mchanga ulipokuwa bado na unyevu. Haikupita saa moja maji yakaanza kujaa, yakatusogeza hatua kwa hatua hadi yakafika kwenye nguzo za nyumba, na mchanga wote uliokuwa wa umma ukawa umefunikwa. Mama yule alimpakata mtoto wake, tukarudi kichochoroni viatu mkononi.