Malaika kwa banjo: "ka" imekubali kukaa

Jana usiku, saa tano kasoro, jirani wa juu akiwa ameshagonga sakafu mara mbili, "ka" ilikaa. Wiki saba nimeteswa na silabi moja, ile ya mwisho ya neno "malaika" kwenye wimbo wa Malaika!

Tuko wanne hapa Lexington, Kentucky: gita, mandolini, besi kubwa na banjo yangu, na dada yangu anaimba. Tunaitafutia Malaika mwendo wa bluegrass, ule muziki wa Kimarekani wa ala za nyuzi. Akodi si shida. Shida ni kwamba Malaika inavutwa, na banjo haivuti. Fadhili William akifika mwisho wa neno "malaika" anatulia pale, sauti inaelea. Banjo ukiigusa, ting, imeshakufa.

Basi unajaza pengo kwa vidole vitatu, nota nane kila kipimo (yaani kila mapigo manne), zimegawanywa tatu-tatu-mbili, kwa njia ya Earl Scruggs, mpiga banjo maarufu wa bluegrass. Hapo ndipo wimbo ulipokuwa unanipotea. Uzi wa tano, ule mfupi, unalia juu ya kila kitu kama mbu sikioni. Nilirekodi kwa simu nikampelekea dada asikilize. Akaniuliza, "Kaka, huu nao ni wimbo gani?"

Nikapunguza mwendo: ikawa mbaya zaidi. Nikasokomeza soksi nyuma ya ngozi ya banjo: mbu alinyamaza, ila banjo ikalia kama sanduku la mbao. Nikavua kucha za chuma nikapiga kwa vidole vitupu: mandolini ikanimeza. Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, nimelibadilisha mara mbili, pesa imekwenda bure.

Dawa niliipata jikoni. Wali uko motoni, nasikiliza Jean-Bosco Mwenda, mpiga gita wa Kongo, zile rekodi alizofanyiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952. Gumba na kidole cha shahada tu, na bado utaapa ni magita mawili. Nikaacha sufuria, nikachukua banjo.

Nilichofanya ni hiki: kwenye kipimo cha "ka", kidole cha kati kinapumzika. Gumba linapiga nota ileile ya wimbo mara tatu, kwenye nota ya 1, ya 4 na ya 7, kila mara nyepesi kuliko iliyotangulia, na shahada inajaza katikati. Uzi wa tano siugusi kabisa. Najua wenye bluegrass yao wataniambia nimefanya dhambi. Lakini sikio linadanganyika, linasikia nota moja ndefu inayofifia. Wali uliungua, tukaula hivyohivyo.

Kuhusu uzi wa tano, niseme na hili. Dada anaimba kwenye A, kwa hiyo kapo, kibano kinachobana nyuzi ndefu ili sauti ipande, iko kizuizi cha pili (vizuizi ni vile vijichuma vya shingoni), na uzi mfupi naunasa chini ya kimsumari kwenye kizuizi cha saba. Ni vile vimisumari vidogo vya reli za treni za kuchezea. Ukiunasa, sauti inapanda kidogo, lazima uulegeze tena. Bado navipenda kuliko kapo ndogo ya kuteleza ubavuni mwa shingo, ambayo kila nikipandisha mkono inanikwaruza. Kuukaza tu mpaka ufike A? Nilijaribu mwezi uliopita, ukakatika ukanichapa shavuni.

Mpango ulikuwa turekodi Jumamosi. Nimeuvunja. Mpiga mandolini, mzee wa hapahapa Kentucky, kanikumbusha Blue Moon of Kentucky: Bill Monroe, baba wa bluegrass, aliitoa kwa mwendo wa 3/4 (mapigo matatu kila kipimo), Elvis akaigeuza 4/4 (mapigo manne) mwaka 1954, na mwaka huohuo Monroe akairekodi upya, anaanza taratibu kwa 3/4 kisha ghafla anachomoka kwa 4/4. Tangu aniambie sijalala vizuri. Kwa nini Malaika nasi tusiianze kwa 3/4, beti la kwanza zima, halafu banjo ikaingia mbio?

Maana yake "ka" naianza upya, kwa nota sita badala ya nane. Mwenye besi amekubali. Dada bado hatujamwambia.