Mzabibu wangu wa Cardinal hapa Makunduchi, Unguja

Kwa miaka miwili mzabibu wangu wa Cardinal ulitambaa uchanja mzima na kunipa kivuli kizuri bila zabibu hata moja, kwa sababu niliwasikiliza waliosema kwamba mti wenye majani mabichi haukatwi. Ushauri huo unanikera hadi leo. Aina hii ilizalishwa Fresno, California, mwaka 1939, na huko kwao baridi huulaza mti na joto huuamsha. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, basi kazi ya kuuamsha ni ya mkasi.

Mara ya kwanza nilikata Januari. Vichala vilijaa, nami nikawaonesha wageni kwa furaha, lakini mvua za masika zilipokolea mwezi wa Aprili zabibu zilizoanza kuiva zilipasuka moja baada ya nyingine, kwani ganda la Cardinal halistahimili maji mengi ya ghafla, na kabla ya wiki mbili kupita kila kichala kilikuwa kimevaa ukungu wa kijivu.

Mwaka uliofuata nilisubiri masika yaishe. Mwezi wa Juni niliacha kumwagilia kwa wiki mbili, nikakata kila tawi na kuacha macho matatu au manne, yaani vifundo vya kuchipukia, kisha nikapukutisha kwa mkono majani yote yaliyobaki. Mke wangu alisimama mlangoni akasema, "Baba, huu umeshauua." Hazikupita wiki mbili macho yakavimba, na kila chipukizi likatoka na kichala chake kidogo.

Punje zilipofikia ukubwa wa pilipili manga, nilichukua mkasi wa cherehani nikapunguza karibu nusu ya kila kichala. Kazi hiyo inauma moyo, lakini zilizobaki zilinenepa hadi kulingana na kungumanga. Matawi niliyafunga kwa kamba ya usumba, ambayo haikati gome, na vichala nikavivika vifuko vya chandarua kuukuu dhidi ya kunguru na popo. Nguzo za mvinje na waya havikuzidi laki moja na ushee. Kilichonichosha zaidi ni kuchimba shimo kwa mtaimbo, maana ardhi yetu ni jiwe, ingawa mzabibu hauna ugomvi na jiwe la chokaa maadamu maji hayatuami.

Nilivuna vichala kumi na tisa mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli: zabibu nyekundu zilizoiva hadi kukaribia zambarau, nyama yake ngumu kidogo, mbegu mbili au tatu ndani.