Mtihani wa mkanda unavyonisaidia kujua nimefika wapi

Nafanya karate ya mtindo wa Goju-ryu hapa Kigoma, jioni nikishafunga duka mtaa wa Mwanga, na kilichonisogeza mbele kuliko vyote ni mtihani wa mkanda. Sisemi mkanda wenyewe, nasema ule mtihani.

Mazoezi ya kila siku hayakuambii umefika wapi. Leo unajisikia mwepesi, kesho mikono mizito, na sensei, yaani mwalimu, anayekuona kila jioni ameshakuzoea. Mtahini wetu anatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na hajakuona miezi mingi. Yeye tofauti anaiona mara moja.

Chukua Sanchin, kata (mfululizo wa mikao na mapigo uliopangwa) ya kupumua na kukaza mwili. Unasimama kifua wazi, miguu umeikaza, unapumua kwa nguvu toka tumboni, naye anapita nyuma yako na kukupiga mabega kwa viganja aone kama umeshika. Mara ya kwanza aliniambia, "Kijana wangu, ukivuta pumzi mabega yanapanda." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari usiku uleule. Tangu hapo nikawa naanza mazoezi kwa kupumua tu, mdogo wangu ameniwekea mikono mabegani, yakipanda ananiambia. Mtihani uliofuata mtahini alipiga, mabega hakuyataja kabisa, akahamia kwenye nyonga. Nilifurahi kuliko siku niliyovishwa mkanda.

Wapo wenzangu wanaosema Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, hakuwa akitoa dan, yaani ngazi za mkanda mweusi. Ni kweli. Dan zilianzia kwenye judo ya Jigoro Kano mwaka 1883, karate ikazichukua baadaye. Gichin Funakoshi, mwalimu mwingine wa karate, alitoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate mwaka 1924. Lakini wanafunzi wa Miyagi walikuwa na Miyagi mwenyewe wa kuwasahihisha. Sisi tunagawana sensei mmoja, watoto kwa wakubwa, kwa hiyo lazima iwepo siku ya kila mtu kusimama peke yake akatazamwa.

Ukimaliza mtihani, picha na mkanda mpya zisubiri. Mfuate mtahini kwa adabu, umwombe akutajie jambo moja la kurekebisha. Langu la sasa liko kwenye kata ya Saifa: nikisimama mguu mmoja kupiga teke, kisigino kinanyanyuka. Asubuhi nalifanyia kazi kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, maana pale kisigino kikinyanyuka tu vidole vinazama na alama naiona. Mtahini anarudi kiangazi.