Usimtilie chai

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu kunikumbusha kwamba Jumanne mtu wa tathmini ya msaada wa walemavu anakuja kuyatazama magoti yangu. Akamalizia kwa onyo: "Mama, usimtilie chai." Nikacheka. Nilipokata simu sikucheka tena.

Mama baridi yabisi ilishamkunja vidole mapema, tungali kule kwenye ghorofa ya pili, London. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka kumi na moja na ndiye mkalimani wa nyumba. Tukajaza fomu ya pensheni ya walemavu. Mwanamume, au mwanamke asiye na mume, tangu 1975 aliulizwa kama hawezi kazi ya mshahara, basi. Mke wa mtu akaongezewa lake mwaka 1977: na kazi za nyumbani je, nazo hawezi? Jirani yetu wa chini, kapera mwenye mgongo mbovu, pensheni aliipata, na hakuna aliyemuuliza habari za ufagio.

Daktari akaja Alhamisi. Mandazi nilikaanga mimi, Mama yuko kwenye kigoda ananielekeza. Maswali yakaanza. Anaweza kupika?

Mama akamtazama Baba, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na bado hajalala. "Mwambie naweza. Kwa tabu, lakini naweza."

Nikamwambia daktari anaweza. Ile tabu nikaimeza. Labda Kiingereza chake kilinipotea. Labda na mimi niliona haya. Mama wa nani huyo asiyepika?

Kisha Mama akainuka, maana mgeni hakai mkavu. Birika lilikuwa limejaa. Vidole havikufumba, kwa hiyo alilibana kwa viganja viwili juu ya upindo wa kanga, kama mtu anayemzuia kuku asipige mbawa, viwiko vimegandana na mbavu. Akaliinamisha. Mvuke ukampanda usoni, hakugeuza uso. Kikombe kikajaa hadi pale anapopenda mgeni wa heshima, wala halikumwagika tone. Daktari akashukuru, akachukua andazi la pili, akaandika.

Barua ikaja: hapana.

Mwaka 1984 swali la ufagio likafutwa, likaletwa jingine: je, ulemavu unafika asilimia 80? Nilimsihi Mama ajaribu tena. Akasema hawezi kukaa mara ya pili mbele ya mumewe aseme hafai.

"Fomu haisemi hivyo, Mama."

"Ndivyo ilivyosema."

Hatukulizungumza tena. Na mimi ile "kwa tabu" sikumwambia kamwe kwamba niliiacha.

Basi Jumanne akaja kijana mpole, amelowa mvua. Nikakaa kitini, mikono nimeikumbatia, namjibu kama binti yangu alivyonifunza: siwezi hiki, siwezi kile. Nilivumilia kama dakika kumi hivi. Halafu nikajishikiza mezani, nikainuka, nikamuuliza anakunywa na sukari ngapi.