Kitambaa cha Kasarani

Kazi yangu ilikuwa kufuta jasho. Ilikuwa Agosti 2011, shule zimefungwa, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa ametuombea wanafunzi wachache nafasi ya kusaidia kwenye ubingwa wa Afrika wa voliboli ya wanawake, uliochezewa ukumbi wa Kasarani, Nairobi. Wenzangu walipewa kuokota mipira. Mimi nilipewa kitambaa cheupe, nikaonyeshwa pa kuchutama, nikaambiwa: mpira ukifa, mchezaji akikuonyesha mahali, kimbia, futa, rudi.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi, Githurai. Thika Road wakati huo ilikuwa bado inapanuliwa, vumbi tupu, michepuko kila hatua. Siku ya fainali tuliondoka mapema, na matatu ikakwama kabla hata hatujaionja safari. Shangazi hakujali. Alikuwa amecheza voliboli katika timu ya kazini kwao miaka ya tisini, hakuwahi kuitwa timu ya taifa, lakini historia ya kombe lile alikuwa nayo kichwani yote.

"Lilianzia Port Said, kule Misri, 1976," aliniambia. "Misri wakalichukua. Tunisia wakalichukua 1985, wakarudia 1987. Misri tena 1989. Lilikuwa kombe la kaskazini, mwanangu. Sisi tulikuwa tunalisikia tu."

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: 1991, 1993, 1995, 1997. Mara nne mfululizo wasichana wa Kenya walilivusha jangwa. Aliitaja miaka hiyo polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayetaja watoto wake. Baadaye likatuponyoka, likarejea 2005, na tena 2007 hapa hapa Nairobi. Halafu 2009 Algeria wakalitwaa kwao. Na sasa Algeria hao hao ndio tuliokuwa tukienda kukutana nao.

"Hawa wetu ni wafanyakazi," alisema shangazi. "Magereza, benki, kampuni ya mafuta ya Pipeline. Usidhani wameshuka kutoka mbinguni." Hilo alilirudia mara mbili. Nadhani lilikuwa linamhusu yeye pia.

Ukiwa jukwaani voliboli ni mpira na wavu. Ukiwa umechutama chini, hatua chache kutoka kwenye mstari, ni magoti. Nilisikia pedi za magoti zikikwaruza sakafu, nikasikia pumzi, nikasikia wanavyoitana kwa sauti ambazo haziwafikii mashabiki. Wavu wa wanawake una urefu wa mita 2.24, na kutoka pale nilipokuwa ulionekana kama paa la nyumba. Niliona vidole vya mchezaji wa mbele vikiwa nyuma ya mgongo, kimoja, viwili, akiwaambia wenzake ukuta wa mikono utazibia wapi. Brackcides Khadambi, mchezaji wetu wa timu ya taifa ambaye nilikuwa nimemwona kwenye magazeti tu, alipita karibu yangu nikahisi upepo wake.

Kosa langu nililifanya mapema. Mmoja wa wachezaji wetu alijitupa kuokoa mpira karibu na wavu, akaacha alama ndefu ya jasho. Nilikimbia, nikafuta. Lakini ukumbi ulikuwa umelipuka kwa makelele, refa alikuwa tayari anaangalia upande wetu, na mimi niliogopa kuonekana ninachelewesha mechi. Nikaacha kipande chenye maji, kama kiganja hivi. Nilikiona. Nikarudi kuchutama nikijua kipo.

Mpira uliofuata, mchezaji mwingine aliruka kuzuia, akatua pale pale. Mguu ukateleza. Aliangukia nyonga, na kwa muda mfupi hakuinuka.

Sijawahi kuogopa vile tena, hata siku ya matokeo ya mtihani. Nilimwona amevunjika, nikaliona kombe likirudi Algeria, na sababu ni mimi. Kisha akajiinua kwa mikono, akanigeukia. Hakunikemea. Alionyesha kwa kidole. "Hapa, mdogo wangu," alisema. "Pole pole. Watasubiri."

Nilipiga magoti nikafuta mpaka sakafu ikalia chini ya kitambaa. Refa alisubiri. Wachezaji kumi na wawili walisubiri, na ukumbi mzima pia. Tangu hapo sikukimbilia kurudi mahali pangu hata mara moja. Kila alama niliifuata mpaka ikaisha, upande wetu na hata nilipoitwa upande wa Algeria, ambako msichana mmoja aliniinamishia kichwa kunishukuru.

Tulishinda. Namna pointi ya mwisho ilivyopatikana siwezi kusimulia, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha macho, natafuta maji sakafuni. Nilijua kwa mtetemo: watu walikuwa wanaruka kwenye majukwaa, na sakafu ikaniletea habari kupitia nyayo. Kombe la saba. Na Novemba timu ingesafiri Japani kwa Kombe la Dunia.

Shangazi alishuka hadi kwenye kizuizi, uso umelowa. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunishika, nikampa wangu. Akatikisa kichwa, akaonyesha kitambaa.

Alikibeba mapajani ndani ya matatu mpaka Githurai, hakukitia mfukoni wala kwenye mkoba. Usiku nilimwona kibarazani akikianika kwenye kamba. Hakuwa amekifua.