Suzhou: hadithi ya nusu mwezi kwa bei ya chai

Jumamosi hapa Suzhou, China, tumetozwa yuan 296 kwa nyimbo mbili na birika moja la chai. Yuan moja ni shilingi mia tatu na ushee, pigeni hesabu wenyewe, na hiyo chai ilikuja kavu, hata andazi hakuna. Mgeni wangu alikuwa ametoka Guangzhou kufunga mzigo wake wa Kariakoo, akataka aione Suzhou ya zamani kabla ya kurudi. Akachagua mtaa wa kando ya mfereji ambao kila mtalii lazima apigie picha. Mhudumu akatuletea orodha ya nyimbo, kila wimbo na bei yake, kama tunaagiza chipsi mishikaki. Dada mmoja akakaa, akaimba dakika chache, akanyanyuka kwenda meza nyingine. Mgeni wangu akaniuliza, "Sasa hadithi yenyewe iko wapi?"

Swali hilo limeniuma kuliko hela. Wanachouza pale ni pingtan, usimulizi wa Suzhou, ila hadithi wameitoa wakabakiza wimbo. Mtu anapita siku moja, anarudi kwao akiamini ameisikia. Na yule dada simlaumu hata kidogo, maana kazi hii inasomewa miaka. Suzhou ina shule ya pingtan tangu 1962.

Pingtan yenyewe ina matawi mawili. Kuna pinghua: mtu mmoja, meza, upepeo wa mkononi na kipande cha mbao ngumu cha kugonga mezani ukumbi unyamaze. Hakuna muziki, ni vita na mashujaa, mambo ya Falme Tatu za China ya kale. Halafu kuna tanci, mara nyingi wawili: mwanamume na sanxian yenye nyuzi tatu, mwanamke na pipa, ule udi wao wa nyuzi nne. Wanasimulia, wanaimba, wanageuka hakimu, kijakazi, mlevi, mama mkwe, wote hao kutoka viti viwili. Zamani chama cha wasimulizi kilikataza mwanamume na mwanamke kukaa jukwaa moja; waliojitenga nacho miaka ya 1930 ndio waliofungua mlango.

Hadithi yenyewe iko kwenye kumbi za mitaani wanakokaa wastaafu. Ninapokwenda mimi kiingilio ni yuan chache, hela ya bodaboda ya karibu, na maji ya moto ya chai yamo humo. Kila mtu na kikombe chake. Wanaanza mchana baada ya chakula, kwa muda wa saa mbili hivi, na mapumziko katikati, na wanakata pabaya kabisa, mlango ndio kwanza umegongwa! Kesho yake wale wale wawili wanaendelea pale pale, siku hadi siku, nusu mwezi mzima. Kisha wanafunga mabegi kwenda mji mwingine, na wengine wanakuja na hadithi yao.

Mara ya kwanza niliingia na cheti changu cha Kichina, nikatoka patupu, kwa sababu wanatumia lahaja ya Suzhou, na hata vijana wengi wa hapa haiwaingii sawasawa. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyestaafu kiwanda cha hariri. Hakunigusa nywele. Hakuniuliza kama kwetu kuna simba. Aliniinamia tu akaanza kuninong'oneza kwa Kimandarini, Kichina rasmi, nani amesema nini, na mapumziko yakifika ananirudishia nyuma. Tangu siku hiyo ananiwekea kiti kwa mwavuli wake. Miaka yangu yote huku, sijapewa heshima kubwa kuliko ile.

Naye ndiye aliyenivusha kwenye hadithi ya Mnara wa Lulu. Kijana Fang Qing, ukoo wao umefilisika, anasafiri mbali kwenda kumkopa shangazi yake. Shangazi huyo, dada wa baba yake mwenyewe, anamtukana umaskini wake usoni. Binti wa shangazi, Cui'e, anamfichia mnara mdogo wa lulu ndani ya furushi la vitafunwa. Baadaye Fang Qing anashika nafasi ya kwanza kwenye mtihani wa dola, lakini anarudi kwa shangazi amevaa kimaskini, anamwimbia. Mliowahi kunyimwa nauli na ndugu wa damu, nanyi leo mnapigiwa simu na ndugu huyo huyo kila mwisho wa mwezi, hamhitaji mkalimani. Msimulizi Ma Rufei aliitawala hadithi hii karne ya 19, na mahadhi yake bado yanafundishwa kwa jina lake. Wasimulizi husema mabingwa wa zamani waliweza kumshusha Cui'e ngazi kumi na nane kwa siku kumi na nane, kila ngazi na mawazo yake, na watu wakarudi kila siku.

Wadogo zangu mnaoomba skolashipu, chunguzeni mji kabla ya chuo. Kimandarini cha darasani hakitoshi sokoni wala ukumbini, hasa huku kusini. Wanaokwenda Beijing au Tianjin wana nafuu: usimulizi wa kule, pingshu, ni wa Kimandarini. Tafuteni rekodi za bingwa wake, Shan Tianfang, aliyefariki 2018. Sikio litafunguka kuliko kwa kukariri vitabu.

Serikali ya China iliiweka pingtan kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2006, na imefanya vema. Lakini ninaowaona wakiilisha kila mchana ni hao wazee na yuan zao chache, na wasimulizi wanaolala mji huu leo na mwingine mwezi ujao. Hapo ndipo nikiikumbuka kwetu Pangani roho inaniuma. Wazee wetu wana hadithi za usiku kucha na tenzi kifuani, tunawaita siku ya tamasha, tunawapa dakika tano, tunawapiga picha na mgeni rasmi. Kumbi za halmashauri zinakaa zimefungwa mchana wote zikisubiri harusi. Mpeni mzee mmoja meza, kipaza sauti na nusu mwezi. Tangazeni kiingilio, changu nitakituma kwa M-Pesa, hata kama siku hiyo kiti changu kitakaliwa na mwingine.