Siku ya Kuipaka Miko Mafuta

Leo nimeitoa miko yote ya jikoni kuipaka mafuta, kazi ambayo huifanya kila ninapoona mti umeanza kupauka. Wengi hudhani kwamba maji ndiyo yanayoumaliza mwiko, lakini kinachouharibu zaidi ni kukauka kwa pupa. Mti hunywa maji upesi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni, na ukianikwa juani ukiwa umelowa, uso wake hunywea wakati ndani mngali na unyevu, ndipo nyufa zinapoanza, mara nyingi kwenye ncha zile zile. Kwa hiyo siiachi miko ilale ndani ya beseni. Ukoko wa ugali naulainisha kwa maji ya uvuguvugu, naukwangua, nasuuza, nafuta kwa kitambaa, kisha naisimamisha kivulini penye upepo.

Mwiko mpya, hata uwe umelainishwa vizuri na fundi, huparara ukioshwa mara ya kwanza, kwa kuwa nyuzi zilizolazwa huinuka zikipata maji. Mimi huulowesha makusudi, nikausubiri ukauke, nikausugua kwa msasa laini, na ndipo mafuta yafuate. (Majani makavu ya mti wa msasa, yaliyofanya kazi hiyo kabla ya karatasi ya dukani, bado yanaiweza.)

Kuhusu mafuta nina msimamo: ya nazi, si ya alizeti. Ya alizeti yakikaa juu ya mti hugeuka utando unaonata na wenye harufu ya kuchacha, ilhali ya nazi hukawia kuharibika. Kwa kuwa hayakauki na kuwa ngumu kama mafuta ya kitani, huondoka kwa kuoshwa na hayana budi kurudiwa. Napaka kidogo, naacha usiku kucha, asubuhi nafuta yaliyobaki. Vanishi siitaki kabisa kwenye chombo kinachoingia chunguni, maana hubanduka na kuishia mchuzini.

Kinu sikipaki mafuta ndani. Baada ya kutwanga kitunguu saumu nakisugua kwa chumvi na ndimu, nasuuza, kisha nakilaza ubavu ili hewa iingie, kwani kukifudikiza kikiwa kibichi ni kukaribisha ukungu. Mbuzi ya nazi haina makuu, mradi meno yake yafutwe kabla kutu haijatia doa kwenye kibao.

Mwiko ulioingia ufa siuzibi kwa gundi, kwa sababu chakula hujificha humo na hautakati tena; huo huhamia bandani, kukorogea pumba za kuku.